Thelathini na Tatu ya Arsène

Ijumaa, 17 Oktoba 2008

Awiti ameleta kikaratasi cha nusu muhula. Jina, darasa la sita (P.6) mkondo wa Bluu, na namba moja tu: 6. Sita! Masomo manne, wiki tano za kusoma, sita. Mwaka 1978 kule Kenya nilipata 19 kati ya 36 katika mtihani wa darasa la saba, na 19 ikanifungia mlango wa sekondari. Mwenye 36 alibebwa mabegani. Mimi nikabeba mabeseni, moja moja, hadi duka la jumla hapa Kikuubo, Uganda. Hakuna aliyenishika mkono. Awiti sitaki apite njia hiyo.

Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Baba, huku ndogo ndiyo kubwa." Nimesikia visingizio vya wateja miaka ishirini. Hicho ni kipya.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jirani yangu Augustin, Mkongo wa vitenge, ana mtoto shule hiyo hiyo. Arsène, P.6 Nyekundu. Leo karatasi yake ilikuwa imekunjwa chini ya mkasi wa dukani. Nikachungulia. 33! Nikafuta miwani. Bado 33! Tatu tu aguse 36. Miaka yote napita mlango huu nikidhani ni watu wa kawaida. Arsène mwenyewe alikuwa kwenye robota la nguo, anasimamisha kalamu juu ya pua. Akili kubwa hupumzika hivyo, nadhani.

Nikampa Augustin hongera kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Papa Awiti, unanichekelea?" Unyenyekevu gani huu! Mimi ningeibandika mlangoni.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mpango. Kosa si la Awiti, ni la Bluu. Nyekundu ndiko wanakofundisha. Nimepanda kilima cha Mengo hadi shuleni na mabeseni mawili makubwa ya Mwalimu Nabangala, msimamizi wa P.6. Nikaomba Awiti ahamie Nyekundu, dawati moja na Arsène. Akavua miwani. Akasema miaka kumi na minne hajaombwa jambo kama hilo. Akauliza mara tatu kama nina hakika. Nikajibu mara tatu. Macho yakamlowa. Mabeseni akayakataa, akataka barua tu. Nimeiandika pale pale, kwa herufi kubwa.

Awiti hakula chakula cha jioni. Atanishukuru.

Jumatano, 22 Oktoba

Awiti anadai Arsène hajui hesabu za sehemu, kila kitu anamwuliza yeye. Nikamwambia huyo anampima akili tu. Jioni kijana akaja na daftari. Nikampa kiti changu! Awiti akamfundisha kwa mabeseni: zima, nusu, robo. Arsène akafumba macho kitambo, kisha akasema, "Kumbe." Neno moja tu. Nilimtazama kama ninavyotazama ghorofa mpya za mjini, shingo nyuma.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mkutano wa wazazi. Nabangala akaniita mbele. Akawaambia watu wote kwamba ssebo huyu, bwana muuza mabeseni, amemtoa mtoto wake Bluu, wa tatu katika P.6 nzima, akae na wanaohangaika ili awainue. Makofi! Augustin anafuta macho.

Wa tatu?

Kisha akawachorea ubaoni wazazi wapya. Kila somo lina daraja: bora ni 1, aliyeanguka ni 9. Masomo manne. Bora kabisa 4. Mbaya kabisa... Nikapiga hesabu kabla hajaandika. Tisa mara nne. 36!

Nikatafuta kiti, hakuna. Nimempeleka sita kwa thelathini na tatu, kwa barua, kwa herufi kubwa! Kumrudisha? Baada ya makofi yale? Augustin akanishika mikono. "Papa Awiti, walitaka mwana wangu arudie darasa." Nikasema ujirani ndio huo. Njia nzima Awiti alitembea hatua kumi mbele yangu.

Ijumaa, 5 Desemba

Ripoti kamili ya mwisho wa mwaka. Kurasa mbili. Nikaanza na wa kwanza. Wiki sita za Nyekundu, na kosa ni langu peke yangu.

Awiti: 4.

Nne! Chini ya hapo hakuna kitu! Wa kwanza kati ya watoto 118. Nabangala ameandika kwamba kumweleza Arsène kila siku ndiko kulikomnoa. Arsène ana 24, anaingia P.7, na Augustin ameniletea kitenge kizima. Nimevua kofia ndani ya duka langu mwenyewe, mbele ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Nikakiri: huku ndogo ndiyo kubwa. Akacheka hadi akakaa chini.

Sasa nimeelewa. Hakuna wa kunibabaisha tena na namba za Uganda.

Awiti alipotoka nikafungua ukurasa wa pili. Alama za kila somo. Hisabati: 98! Sayansi: 95! Nikakimbia kwa Augustin kulinganisha. Arsène ana 52 tu ya Hisabati, kamshinda! Tena kwa Awiti mwalimu ameziandika kwa wino mwekundu, bila aibu.

Jumatatu napanda Mengo na mabeseni manne. Lazima Nabangala azishushe.