Nyuma ya Shuka Jeupe

Jumatatu, 12 Oktoba 1953. Mawingu asubuhi, upepo kidogo, joto kuanzia saa mbili.

Gari la sinema la serikali limefika Temeke. Litaonyesha Jumatano, Alhamisi na Jumamosi, kwenye uwanja ulio nyuma ya soko. Picha ni moja tu, ya familia safi na familia chafu. Haina sauti. Anayeisimulia kwa kipaza sauti ni Bwana Albano, karani, ambaye huwaambia watu mwisho kabla haujafika na hulitamka neno "choo" kama anayetangaza kifo cha mfalme.

Kazi hiyo naitaka. Naandika wazi kwa kuwa daftari hili lina msomaji mmoja. Nimesoma kwa masista mpaka darasa la kumi. Sasa mwaka wa pili nafundisha wanawake kushona pindo kwenye senta ya ustawi. Pindo lile lile. Sauti yangu hufika barabarani. Dada Kokuberwa, ninayeishi kwake, anasema hufika mpaka kwetu Bukoba, na kwamba hatanizuia nikiamua kuifuata.

Saa nne nikamwendea Bwana Afisa wa sinema. Akasema wanawake wa Temeke hawaji kabisa, na picha ya usafi wa nyumba bila wanawake ni kazi bure. Nikileta hamsini, nitasimulia mimi. Wakikaa mpaka mwisho, kazi ni yangu na nitazunguka na gari. Albano alikuwa karibu. Akasema, "Mwalimu Apolonia, hata mama yangu mzazi haji." Nikamjibu kwamba mama yake amekwisha kumsikia nyumbani.

Jumanne, 13 Oktoba. Jua kali tangu asubuhi. Hakuna wingu.

Temeke hii mwanamke hatoki jioni mpaka Bi Mwanakombo atoke. Ndiye mkubwa wa chama chao cha ngoma. Nikaenda kwake, nikampa shikamoo, nikakaa mkekani, nikaeleza. Akaniuliza kama namtaka akae gizani bega kwa bega na walevi wa kilabuni. "Mume wangu akiniuliza nilikuwa wapi, nimjibu nini, mwanangu? Nilikuwa nafundishwa choo?"

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Shuka la sinema hufungwa kwenye miti miwili katikati ya uwanja, na picha huonekana pande zote mbili. Wanaume wakae mbele, wanawake nyuma. Shuka lenyewe ndilo pazia.

Bi Mwanakombo akauliza kwa nini wazungu hawakulifikiria hilo. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba si wote waliosoma kwa masista.

Usiku Kokuberwa ameniuliza kama nimewahi kuitazama picha kutoka nyuma. Nimemwambia mwanga ni mwanga.

Jumatano, 14 Oktoba. Mawingu, kisha jua. Dalili njema.

Wanawake sabini na mmoja! Nimewahesabu mara mbili. Walikuja na mikeka na watoto, wakazunguka nyuma ya shuka kwa heshima zote. Albano alinikabidhi kipaza sauti kama mtu anayeng'olewa jino. Fundi Nassibu, anayeendesha gari na mashine ya sinema, akazima taa.

Nilisimulia vizuri. Naandika bila kujisifu: vizuri sana. Baba wa familia safi alichimba choo. Akaingia. Akatoka. Akanawa kwa sabuni. Akakaa kula. Nikasema, "Tazameni mkono ule unavyokwenda kwenye sahani."

Nyuma ya shuka wakanong'onezana. Kisha sauti ya Bi Mwanakombo, ambayo haihitaji kipaza: "Mwalimu, mkono upi huo?"

Nikadhani amependezwa. Nikasema, "Huo huo, mama. Mfundisheni kila mtoto nyumbani."

Nikasikia mikeka ikikunjwa. Familia chafu ilikuwa haijatokea bado, na wanawake wote sabini na mmoja walikuwa njiani kurudi makwao.

Nilikwenda nyuma kutazama mwenyewe. Kwa upande ule kulia ni kushoto. Mtu safi kuliko wote Tanganyika aliyetoka chooni sasa hivi alikuwa akila wali kwa mkono wa kushoto, akampa mkwewe kikombe kwa kushoto, na mkwewe akacheka. Nimemfuata Bi Mwanakombo mpaka mlangoni kwake. Akasema, "Mkono wa chooni, mwanangu. Tena ukatuamrisha tuwafundishe watoto." Akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningeumia kidogo.

Kosa si langu. Ni la mwanga.

Alhamisi, 15 Oktoba. Manyunyu saa moja, yakakatika.

Bwana Afisa amekubali nijaribu mara moja tena, kwa kuwa sabini na mmoja hakuwaona tangu aje nchi hii.

Dawa nimeipata. Mkanda wa picha hii una matundu pande zote mbili, kwa hiyo unaweza kugeuzwa ndani ya mashine. Ukigeuzwa, nyuma wataona mkono wa kulia. Nassibu alisita. Akasema mashine si yake. Nikamkumbusha kwamba Albano humwita "dereva" mbele za watu. Akafikiri, akasema kugeuza mkanda ni dakika tatu.

Kwa Bi Mwanakombo nilipiga magoti. Nikaapa kwamba leo mkono utakuwa wa kulia. Namna ya kuugeuza sikumweleza, kwani ni mambo ya kitaalamu. Akasema atakuja na watu wake, lakini akiuona ule mwingine nisikanyage tena uani kwake.

Jioni walikuja sitini na wanne. Safari hii nilisimama pembeni, nikiuchungulia upande wa nyuma ili kuwa na hakika. Baba akatoka chooni, akanawa, akala kwa kulia. Vigelegele! Nikawa nasimulia machozi yakinilenga.

Kwa hiyo upande wa mbele sikuutazama. Mbele kulikuwa na wanaume kama mia tatu. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe alisimama akauliza, kwa utulivu, kama serikali imekuja kuwafundisha kula au kuwatukana. Mwingine akasema jana mtu yule yule alikula kwa kulia, basi leo kapatwa na nini. Waliojua kusoma waliona kibao cha hospitali kimeandikwa kinyume, wakaanza kukisoma kwa sauti. Albano akakimbia kwa Bwana Afisa, na mashine ikazimwa.

Nilidai haki yangu. Wanawake walikaa mpaka mwisho, ila mwisho ameuleta yeye Bwana Afisa. Akasema hajui ataandika nini kwenye ripoti, na Jumamosi atasimulia Albano.

Bi Mwanakombo alikuja kuuliza. Nikamweleza yote. Akasema, "Kwa hiyo lazima upande mmoja ule kwa kushoto?" Nikasema kwa sasa ndiyo.

Ijumaa, 16 Oktoba. Joto. Hakuna hata upepo wa kupeperusha karatasi.

Kioo! Kioo hugeuza kulia na kushoto, jambo ambalo nimeliona kila asubuhi tangu utotoni nisilitumie. Kikiwekwa nyuma ya shuka, wanawake walipe shuka mgongo, waitazame picha kiooni. Kulia kitarudi kulia. Mbele hakuna atakayeguswa. Bwana Afisa akiona, atanirudishia kipaza sauti mwenyewe.

Kioo kikubwa kuliko vyote ninavyovijua kimo mlangoni mwa kabati la nguo la Kokuberwa, zawadi ya harusi yake. Nimekipima: futi tano kwa moja na nusu. Wanawake wakikaa mstari mmoja mrefu watatosha. Jioni Kokuberwa alipokwenda mazoezi ya kwaya nililegeza skrubu za bawaba zote, nikaacha moja.

Jumamosi, 17 Oktoba. Anga safi. Nyota zilionekana mapema.

Mlango wa kabati ni mzito. Nimeukodia mkokoteni, nikaufunika kanga mbili, tukaenda polepole na mwenye mkokoteni kwa ajili ya mashimo. Nilifika picha iko nusu.

Nyuma ya shuka walikaa wanaume. Wote, kimya, kama watu waliopewa adhabu. Mbele walikaa wanawake.

Nassibu alinieleza. Bi Mwanakombo alikuja na watu wake alasiri, wakatandika mikeka mbele, basi. Wanaume walipofika akawaambia, "Sie tumewahi. Nyuma kuna nafasi." Mmoja akauliza habari ya mkono wa kushoto. Akajibiwa, "Ni shuka tu linalogeuza. Vumilieni. Jumatano ilikuwa zamu yetu."

Albano alipoanza kutaja mwisho, wanawake walimzomea mpaka akakaa. Bi Mwanakombo akakiokota kipaza sauti. Hajui hata herufi moja. Lakini familia chafu aliipa majina ya watu wa sokoni wanaojulikana, akamsuta yule baba kama shemeji yake, na Bwana Afisa alicheka asielewe neno. Wanawake walikuwa mia na kumi na wawili. Walikaa mpaka mwisho.

Kazi kapewa yeye. Jumatano watakuwa Kinondoni, naye atakaa mbele garini na Nassibu.

Aliniita kwa upole. "Njoo ukae mkekani, mwanangu, umechoka." Nikamwambia nimeleta kioo. Akafunua kanga, akajitazama, akarekebisha ushungi wake, akanishukuru.

Kokuberwa alikuwa akinisubiri mbele ya kabati lenye mlango mmoja tu. Aliyoyasema siyaandiki.

Nimepitia mipango yote mitatu kwa mpangilio. Haina kasoro. Tatizo ni kwamba kioo kilikuwa kimoja. Inatakiwa viwili vitazamane, picha iingie katika cha kwanza, itoke katika cha pili. Kabati lina mlango mwingine, nao una kioo. Nimechora kwa rula. Mkono utatokea upande gani nitaangalia nikifika Kinondoni.

Nalala, ni saa saba na dakika ishirini usiku.