Taarifa ya Mwenyekiti Kuhusu Ukuta wa Chumba cha Mama

Mheshimiwa Mama Mzazi, Mlezi Mkuu wa familia na mmiliki halali wa nyumba iliyo nyuma yangu. Mstahiki Baba Mdogo, Mjumbe wa Kudumu wa kiti cha mbele. Dada yangu kitinda mimba, mshonaji mahiri na mwenyeji wa muda wa Mama. Shemeji zangu, waliopo na walioomba udhuru. Wajukuu wa ngazi zote. Majirani wa upande wa kushoto, ambao bado tuko nao katika mazungumzo kuhusu lile tope. Mabibi na mabwana, itifaki izingatiwe. (Makofi ya mtu mmoja. Ni mke wa Mwenyekiti.)

Nimesimama katika uwanja huu tuliouchezea sote tukiwa wadogo, kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wamekuwa wakiusifu, ili kutoa apudeti ya Mradi wa Ukarabati, Uboreshaji na Ufufuaji wa Nyumba ya Familia, mradi ambao niliubuni mwenyewe, nikauongoza mwenyewe, na kwa kuwa hakutokea mpinzani, nikajiteua mwenyewe kuwa Mwenyekiti wake.

Mtakumbuka hali ilivyokuwa. Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha Mama. Mvua ikinyesha, Mama anaweka sufuria katikati ya godoro, yeye anajikunja pembeni. Baadhi yenu, na simtaji mtu isipokuwa dada yangu, mkaleta hoja nyepesi kwamba aitwe fundi, abadilishe bati tatu, basi. ("Mbili!" anasema dada.) Mbili. Naipongeza hoja hiyo. Lakini mimi, niliyestaafu kwa heshima zote nikiwa Kaimu Naibu Msaidizi wa Mkuu wa Idara, nilijiuliza: je, tunataka kuziba tundu, au tunataka kubadilisha fikra? Ndipo nikaja na dhana ya openi-plani, yaani ukuta kati ya sebule na chumba cha Mama uondoke, ili familia ipumue. ("Na mimi nguo nibadilishie wapi?" anauliza Mama.) Swali zuri sana, Mama. Limepokelewa.

Ikafika siku ya uzinduzi. Nilivaa kofia ngumu ya njano, nikasema maneno machache kwa muda wa saa nzima, kisha nikaupiga ukuta nyundo moja tu, ya heshima, ya kupigia picha. (Minong'ono.) Hapo, ndugu zangu, ndipo tulipokumbana na mambo yasiyotarajiwa, nami naomba yaandikwe kama changamoto, yasiandikwe kama makosa. Kwanza, ukuta ule, bila kumjulisha mtu yeyote, kumbe ndio uliokuwa umebeba kenchi za paa. Pili, kenchi zenyewe zilikuwa zimeliwa na mchwa siku nyingi, zimesimama kwa mazoea tu. Tatu, ndani ya ukuta lilipita bomba la maji, jambo ambalo marehemu Baba, Mungu amrehemu, hakuwahi kulitolea taarifa. Hivyo tukapoteza kwa mpigo ukuta, dari, upande mmoja wa paa na kabati la vyombo, na maji yakachukua uamuzi wa kwenda kwa majirani.

("Kabati la harusi yangu," anasema Mama.)

Kabati, naam. Nilisikitika, Mama. Nilisikitika sana, nikaunda kamati ndogo ya masikitiko. Vilevile, kwa sababu za kiusalama, nikapiga marufuku mtu yeyote kuingia eneo la mradi, na tangu hapo kasi yetu haijapungua. Nimefanya ziara za mafunzo kwenye nyumba nzuri za watu wengine. Tunayo rodimapu inayoonyesha tunakoelekea. Mastakiholda wote wameshirikishwa, yaani mimi. Ukijumlisha kazi iliyofanyika na nia tuliyonayo, utekelezaji umefikia asilimia themanini na saba. (Kicheko.) Msicheke, hizo ni takwimu.

(Dada anasimama. "Kaka, Mama analala kwenye kochi langu, kichwa kwenye marobota ya vitambaa, masika yote hii. Asubuhi hainuki bila kushikwa. Anarudi kwake lini?")

Dada yangu mpendwa, "lini" ni neno zito. Kitaalamu tunasema "kadiri". Mama atarudi kadiri mazingira yatakavyoruhusu. (Mama anasimama, anajifunga kanga kiunoni, anaelekea mlangoni.) Mama, kaa kidogo, bado sijafika kwenye dira. Baba Mdogo, tafadhali mshike Mama mkono. (Baba Mdogo anamshika mkono. Wanaingia ndani wote wawili.)

(Sauti ya Mama kutoka ndani: "Chumba cha nyuma hakijaguswa! Kikavu kabisa! Leteni godoro langu!" Mashemeji wanavua mashati. Dada yuko kwenye simu: "Fundi, njoo na bati. Ndiyo, leo. Mwenyekiti? Anahutubia, ndiyo maana nakwambia njoo sasa hivi.")

Naona wadau wanahama kutoka jukwaani kwenda eneo la mradi, ishara kamili ya mwamko. Kwa mliobaki, nikisema "Nyumba imara", mseme "Familia imara". Nyumba imara! (Ndani, koleo linakwangua kifusi.) Ukarabati oyee! ("Mume wangu, mimi naenda kusaidia," anasema mke wake, naye anaondoka.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru mchora ramani, ambaye bado hatujampata. Nawashukuru mafundi wetu hodari, ambao hatukuwahi kuwaita; wauza saruji, ambao hawatujui; wajumbe wa kamati, ambao ni mimi; na zaidi ya wote nawashukuru ninyi, kwa imani yenu kubwa kwa mradi ambao, nje ya hotuba zangu, haujawahi kuwepo. Asanteni sana.

(Viti vitupu. Mwenyekiti anasubiri makofi. Mama anachungulia dirishani, vumbi limemjaa kichwani.

"Wewe, mwanangu! Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Haya, njoo unishikie huku. Kitanda kimekwama mlangoni.")