Mkono wa Mjomba, Spana Zangu

Jumatatu, 3 Agosti

Leo nimenunua spana. Zangu mwenyewe! Seti nzima, ndani ya kijisanduku chekundu cha plastiki chenye mshikio. Zinang'aa mpaka nimejionea meno yangu ndani ya ile namba kumi na nne. Meno mazuri. Nilikuwa sijui.

Mjomba hajui na hatajua. Yeye ana spana zake za kale, nyeusi kama kitako cha chungu, alizorithi kwa fundi wake, naye fundi huyo alizirithi kwa sijui nani, labda Nuhu aliposhuka safinani. Kila jioni mimi ndiye ninayezifuta kwa mafuta ya taa na kuzipanga kitambaani, kuanzia ndogo mpaka kubwa. Mjomba anazipapasa moja moja kama mtu anayehakikisha watoto wote wamelala, ndipo anafunga kasha. Ufunguo unashinda shingoni mwake. Kufungua nati sijaruhusiwa hata siku moja. Kazi yangu ni kushika taa. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Taa. Mimi, mwenye kichwa cha kuendesha kiwanda!

Kuhusu kichwa: shule niliiacha walipoanza kuchanganya herufi na hesabu. Niliona hawajui wanachotaka, nikawaachia.

Nimemwuliza Mjomba, kijanja, kama spana mpya si bora kuliko kuukuu. Akasema kuna chuma kilichopigwa motoni, na kuna bati lililovishwa nguo ya harusi. Akasema spana mbaya haikuvunjikii dukani. Hungoja mpaka uipe mwili wako wote. Mzee anapenda mafumbo. Siku hizi macho yake yana ukungu, anafanya kazi kwa kupapasa. Pengine ndiyo sababu hajui raha ya kitu kinachong'aa.

Jumanne, 4 Agosti

Ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji ya Mjomba, kuna gereji ya Bosi Kifua. Kule, mwenye spana zake anaitwa fundi siku hiyo hiyo. Mwanagenzi wake, Mapengo, kila asubuhi ananipigia kelele toka upande ule: "We Taa! Umewaka au umezimika?" Mtu mwenye meno machache namna ile angefaa kunyamaza.

Basi leo nimevuka na kijisanduku changu. Nikakifungua polepole, kwa heshima. Bosi Kifua akaichukua kumi na saba, akaibana kwenye jiliwa, akaivuta kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Spana ikapanua mdomo kama mbwa mwenye usingizi. Mapengo akacheka mpaka pumzi ikapita kwenye yale mapengo ikapiga mbinja. Bosi akasema haya ni mapambo, nikamvishe mchumba. Nirudi siku nitakapokuwa na spana kama za mjomba wangu.

Kama za mjomba wangu.

Nimerudi nikiwaza. Kichwa hiki hakilali! Kumi na saba nimeinyoosha kwa nyundo. Imekuwa kama mpya. Karibu.

Alhamisi, 6 Agosti

Mpango umetimia! Sikilizeni, enyi mtakaosoma haya nikiwa tajiri. Mzee haoni vizuri. Spana zake ni nyeusi. Spana zangu zikiwa nyeusi, tofauti iko wapi?

Nimechanganya oili chafu, masizi ya ekzosi na gundi kidogo. Nikazianika nyuma ya choo. Nilipozisugua kwanza kwa tofali ili rangi ishike, mng'aro ukaambuka wenyewe, kama ngozi ya mjusi. Kazi imerahisishwa! Ni spana gani nyingine duniani inayomsaidia mtu kuighushi?

Jioni, wakati wa kufuta, nikabadilisha. Zangu kitambaani, za Mjomba kwenye soksi, kiunoni, kifuani. Mjomba akazipapasa. Alipofika kumi na saba akasita. Akasugua vidole kwenye shati, akapapasa tena. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba leo vidole vyake vina ganzi, hasikii kitu. Akafunga kasha.

Umeona? Mzee mwenyewe amejipatia maelezo.

Nimetembea hadi nyumbani kama mtu wa baridi yabisi. Mkaza mjomba akaniuliza mlangoni kama nina jipu. Nikasema ndiyo. Akasema niingie ndani anikande kwa maji moto. Nikasema limepona. Akaniambia jipu la kupona mlangoni hajapata kulisikia. Spana za Mjomba sasa ziko chini ya godoro langu.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku mbaya.

Asubuhi lilikuja lori la tangi la maji. Dereva wake ni mteja wa Mjomba toka enzi, hapeleki lori lake kwingine. Giaboksi inavuja. Mjomba akaingia chini, mimi na taa yangu pembeni. Mkono wake ukatokea nje, kama kawaida, bila yeye kutazama. "Kumi na saba, mpwa wangu." Nikampa kumi na saba. Ile niliyoinyoosha kwa nyundo.

Nati ilikuwa imeganda kwa kutu. Mjomba akavuta. Akajipanga upya, akaegemeza bega, akaipa mwili wake wote.

Mlio niliousikia haukuwa wa chuma.

Hakupiga kelele. Alitoka taratibu, mkono ameukumbatia kifuani kama kifaranga. Ngozi ya vifundo imebaki kwenye fremu ya lori. Vidole viwili vinatazama kusikostahili. Damu ikadondoka kwenye mchanga wa oili, ikawa nyeusi papo hapo. Dereva akaanza kuapa na kutafuta kitambaa. Mjomba akasema tu kwamba mkono umemponyoka. Mkono! Hakusema spana. Kisha akaniambia niiokote, niifute vizuri kabla ya kuirudisha, maana damu inaleta kutu.

Nikaifuta. Rangi ikatoka na kitambaa. Nikaipaka tena upesi, kabla hawajarudi kutoka zahanati.

Usingizi hauji. Godoro limejaa vyuma.

Jumapili, 9 Agosti

Bendeji nyeupe, kubwa kama mtoto mchanga. Mjomba hawezi kufunga kifungo cha shati. Mkaza mjomba anamfungia huku akimtania kwamba ameoa upya, bwana harusi mwenyewe hajui kuvaa.

Mjomba hakucheka. Alisema si vidole vilivyovunjika vinavyomtisha, hivyo vitaunga. Kinachomtisha ni Alhamisi: alizishika spana zake mwenyewe, asizitambue. Tena Ijumaa ile kumi na saba ilikuwa nyepesi mkononi, ngeni, kama si yake. Spana hizo hazijamdanganya toka ujana. Kwa hiyo kilichokufa ni mkono. Na fundi asiye na mkono afunge duka kabla hajamwua mtu barabarani.

Mkaza mjomba akaweka kiganja chake kwenye mkono wa kushoto wa Mjomba, akamwambia afumbe macho. Akamwuliza hiki cha nani. Mjomba akasema chako. Mkewe akasema basi hakuna kilichokufa hapa, baba, acha kujizika. Mjomba akasema mke hamwambii mume ukweli siku ya ugonjwa.

Hapo nilitaka kusema. Wallahi nilitaka! Lakini mdomo ulikuwa umejaa mkate. Nilipomaliza kumeza walikuwa wameshahamia habari ya paa linalovuja. Mtu halaumiwi kwa kutafuna.

Nimekata shauri: kesho nazirudisha kashani zote, kimyakimya. Mzee atazishika, atapona. Nimeapia kidole changu mwenyewe. Cha mguu.

Jumatatu, 10 Agosti

Nilitoka nazo mapema, ndani ya mfuko wa nailoni. Nia safi! Mungu ananiona.

Mapengo akaniona pia. Akauliza nimebeba mawe ya kujengea kaburi la akili yangu? Bosi Kifua akatoka, akachungulia mfukoni. Akaichukua kumi na saba ya Mjomba. Akaipima uzito kwa kiganja. Akaigonga kwenye jiliwa: ting! Ikalia kama kengele. Akaniwekea mkono begani akasema, "Karibu ndani, fundi."

Fundi! Mbele ya Mapengo! Sasa jamani, mtu anaitwa fundi mara ngapi maishani? Nikaingia.

Bosi akazimimina spana zote kwenye pipa linalochanganya vyombo vya gereji nzima. Akaniambia sheria ya pale: kilichoingia pipani ni cha pipa. Kisha akanipa fagio. Nikafagia mpaka jua la utosi. Nikamwuliza nitafungua nati lini. Akasema fundi mzuri huanzia sakafuni. Mapengo alikuwa ameshaanza kunitumia jina jipya: Fagio.

Nikaondoka kwa hasira. Spana zimebaki. Mfuko wa nailoni nimeuchukua, siibiwi kijinga.

Jumatano, 12 Agosti

Leo Mjomba amekuja gerejini kwake kunikabidhi kasha.

Kwetu desturi ya kukabidhi ni moja: fundi anachagua nati, mwanagenzi anaifungua mbele yake. Mjomba alichagua ile ile iliyomvunja. Lori lilikuwa bado limesimama pale pale, dereva ameegemea mlango. Mjomba akataka kuvua ufunguo shingoni, fundo likamshinda kwa mkono mmoja. Ikabidi nimfungulie mimi. Shingo yake ilikuwa na alama ya uzi ule, nyeupe, kama mtu aliyevuliwa pete.

Nikaingia chini ya lori. Na nani aliyenishikia taa? Mjomba! Alipiga magoti kwenye mchanga akanishikia taa, akiielekeza kwa kukisia. Mara nyingi ilinimulika puani.

Kumi na saba ikazunguka peke yake, nati imetulia. Nikavuta tena. Kona za nati zikalika. Nikajaribu nyingine, ikapasuka mdomo. Mjomba akaingiza kidole cha mkono mzima, akaipapasa nati. Imekuwa mviringo kama yai.

Nikasema, "Labda ni spana, Mjomba." Nilisema! Iandikwe kwamba nilisema.

Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akasema spana zile zimemlisha mama yangu, nisithubutu kuzisingizia. Kisha sauti ikashuka. Akanipa pole. Akasema basi hata mimi sina mkono, tusilaumiane, ni damu ya ukoo wetu.

Dereva akaomba watu wamsukumie lori ng'ambo. Alimwomba Mjomba radhi, huku akitazama viatu vyake. Kule ile nati niliyoila waliikata kwa patasi. Halafu tukaanza kusikia zilizobaki zikifunguka, moja baada ya nyingine. Ting! Ting!

Mjomba akainua kichwa. Akaniuliza kama nasikia. Akasema ule ndio mlio wa chuma chenyewe, kama kumi na saba yake enzi ilipokuwa na mwenyewe. Akauliza nani anashika kule. Nikasema Mapengo.

Akatikisa kichwa akasema kijana yule ana mkono.

Mapengo! Ana mkono! Tangu nizaliwe sijatukanwa hivi.

Jumamosi, 15 Agosti

Ufunguo uko shingoni mwangu. Gereji ni yangu. Hakuna mteja. Dereva wa tangi anapita bila kupiga honi.

Mjomba anashinda nyumbani, dirishani. Aliniomba spana moja tu ya kushika, ya kumkumbusha. Nikampa kumi na saba, nimeshainyoosha tena. Kila jioni anaifuta kwa mkono wa kushoto, kwa mafuta ya taa, kwa subira ile ile. Jioni hii mkaza mjomba akaona ubavu wake unameremeta. Akacheka, akamwambia, "Baba, tazama, spana yako inaota mvi kama wewe!" Mjomba naye akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Akacheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi tu. Akasema basi na iwe hivyo, wamezeeka wote wawili.

Mkaza mjomba akaichukua spana kwa ncha za vidole. Akakitazama kitambaa: cheusi. Akazitazama kucha zangu: nyeusi. Kicheko kikakatika. Akamrudishia mumewe ile spana mkononi, akamfunika vidole juu yake. Akaandaa chakula, akakaa. Sahani yangu haikuja. Nadhani amesahau.

Nimelala na njaa, nimetafakari makosa yangu yote kiume. Nimeliona. Kosa ni rangi! Nilipaka mkono mmoja tu, mara moja basi, kwa haraka ya ujana.

Tena leo nimepita dukani. Kuna seti nyingine, kubwa zaidi, yenye mishikio ya mpira mwekundu. Muuzaji anasema ina dhamana ya maisha. Nikamwuliza maisha ya nani, akasema tusiharakishe mambo. Nikiwa nayo, nitaibadilisha na zile zilizo kwenye pipa la Bosi Kifua, naye hatajua. Safari hii nitapaka mara mbili.