Gari Lenye Betri Mbili Halifi

Jumatatu, Agosti 4

Leo nimeweka dau. Dau zuri, la kushinda nikiwa nimelala.

Shangazi Suzana yuko Mwanza tangu katikati ya Julai, anamsubiri binti yake Loveness ajifungue. Mimi kaniachia nyumba, kuku na gari. Gari lenyewe haibridi. Linakula petroli, linakula na umeme, halichagui. Kabla ya kupanda basi alinipa maagizo: kila Jumamosi Abel ukanyage breki, ubonyeze kitufe mpaka neno la kijani litokee pale mbele, uliache hivyo nusu saa, ndio uzime. Akasema nikilitunza, akirudi mimi ndiye dereva wake. Dereva! Na shati jeupe!

Jumamosi zenyewe zimenikuta na shughuli. Na nusu saa ya nini? Simu yangu ina betri moja na inafika jioni. Gari lina betri mbili.

Sasa leo kijiweni Nasibu kajifanya mjuaji. Nasibu ni bodaboda, kiti chake cha pikipiki kimeshonwa mara nyingi kuliko suruali yangu. Kasema haibridi likikaa sana bila kuwashwa linakufa. Nikamuuliza kasomea wapi. Akanijibu kasikia kwa abiria. Nikacheka mpaka kahawa ikanitoka puani.

Tukawekeana dau mbele ya watu. Likifa, mimi nitamwamkia shikamoo kila asubuhi, kijiwe kizima kikisikia. Lisipokufa, ataniamkia yeye, na pikipiki azime. Nasibu huyu nilikuwa namfuta kamasi akienda chekechea. Hata sina wasiwasi.

Jumatano, Agosti 6

Umeme umekatika. Wanasema transfoma imeungua na nyingine inakuja, haijulikani kutoka wapi. Mji wetu wote wa Katoro simu zimezima. Wachimbaji wametoka machimboni na dhahabu mfukoni na hawawezi kumpigia mnunuzi.

Nikaliangalia gari. Gari likaniangalia.

Nimepitisha nyaya dirishani, nimechomeka kichaji kwenye tundu la kuwashia sigara, nimeunganisha soketi ya matundu mengi. Nikabonyeza kitufe. Breki sikukanyaga, maana gari limesimama, breki ya nini? Taa zikawaka, redio ikaimba. Injini kimya kabisa. Hivi ndivyo vitu vya kisasa, vinawaka bila makelele. Neno la kijani halikutokea. Labda linataka kuzoeana kwanza.

Nimeandika kwenye boksi: SIMU ZINACHAJIWA HAPA, UMEME WA HAIBRIDI.

Ijumaa, Agosti 8

Nane Nane! Wakulima wana sikukuu yao, mimi nina yangu. Foleni mpaka kwa jirani. Simu zimejaa kwenye dashibodi kama dagaa kwenye chanja.

Mnunuzi mmoja wa dhahabu kaomba akae ndani apigwe na kiyoyozi. Nikamkalisha kiti cha mbele. Upepo ulitoka wa moto. Nikamwambia ni hatua ya kwanza, baridi inakuja baadaye. Akalala. Alipoamka akashukuru.

Kizuri kuliko vyote: Nasibu kaja na simu yake imezima. Kasimama kwenye foleni! Nikajifanya simwoni, nikahudumia hadi waliokuja nyuma yake. Akauliza mbona injini haiungurumi. Nikamjibu huo ndio utaalamu. Akatikisa kichwa, akaacha simu.

Jumamosi, Agosti 9

Redio imekatika katikati ya wimbo. Taa zikafifia. Kisha hamna.

Nimebonyeza kitufe mara moja. Nimebonyeza kwa kidole kingine. Nimebonyeza kwa heshima. Hamna.

Wateja nimewarudishia simu zao, nikawaambia mtambo uko kwenye mapumziko ya wikiendi. Ya Nasibu ilikuwa imejaa nusu. Nikamwambia nusu inamtosha, watu wa kumpigia hana.

Jumapili, Agosti 10

Nimefikiria vizuri, nikaona hakuna tatizo. Gari hili likiwaka liko kimya. Likifa liko kimya. Nani atajua? Leo Nasibu kapita getini akachungulia. Nilikuwa nimekaa ndani nimeshika usukani, natabasamu. Akauliza kama linawaka. Nikamwambia linaunguruma hapa, weka sikio. Akaweka sikio. Akaondoka hana raha.

Shida ni dirisha. Limebaki wazi, halipandi. Kuku wa shangazi ametaga kwenye kiti cha dereva. Kiti changu mimi!

Jumanne, Agosti 12

Nimeibiwa!

Nimefungua boneti niiangalie hiyo betri, niipanguse vumbi, niiombe. Betri hamna! Kuna injini, kuna mabomba, kuna boksi la nyaya za rangi ya chungwa. Betri mbili zote zimekwenda. Na mtu mwenye faida nazo ni mmoja tu.

Nikaenda kijiweni moto unanitoka masikioni. Nikamnyooshea kidole Nasibu mbele ya watu, nikasema huyu kaiba betri za shangazi ili ashinde dau. Muuza kahawa kaacha kumimina.

Nasibu hakukasirika. Ndicho kilichoniudhi. Aliniuliza taratibu kabisa:

"Kaka Abel, ulijuaje kama zimeibiwa?"

Nikamwambia kwa sababu gari haliwaki.

Nilisikia mwenyewe nilichosema, lakini kilikuwa kimeshatoka. Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha kibao cha bao, kete zikaingia kwenye mtaro. Nikakata rufaa palepale. Betri iliyoibiwa sio betri iliyokufa. Wakakubaliana wamsubiri Mariana, fundi umeme wa magari, ndiye aamue. Yuko Geita kwenye kazi, anarudi Jumamosi mchana.

Sijasema shikamoo. Bado.

Alhamisi, Agosti 14

Umeme umerudi, na shangazi kapiga simu. Loveness kajifungua salama, mtoto wa kiume, mkubwa, analia kama king'ora. Nikafurahi kweli. Kisha akasema wanakuja Jumamosi asubuhi, mzazi anakuja kulelewa kwa mama yake, na mimi niwe stendi na gari. Mzazi hawezi kurushwarushwa kwenye bodaboda, na mtoto asipigwe vumbi. Kaniambia nivae shati jeupe.

Nikasema sawa shangazi. Ningesemaje?

Basi la asubuhi. Fundi wa mchana. Udereva wangu uko katikati hapo, umeninginia.

Ijumaa, Agosti 15

Nimewaita vijana tulisukume lishtuke. Wamesukuma. Halikusogea hata unywele. Hili gari likikosa umeme linajifunga lenyewe magurudumu, kama ng'ombe aliyeamua. Vijana wakaondoka wananung'unika.

Lakini wameniachia wazo. Ng'ombe!

Nimekwenda kwa mzee Bujiku, ana jozi ya maksai wanaolima mpaka kwenye kichuguu. Nimemwamkia kwa adabu, nikamweleza. Mpango uko hivi: maksai walivute gari mpaka karibu na stendi. Kabla ya kona tunawafungua, wanajificha nyuma ya maduka ya mbao. Shangazi akishuka anamwona Abel kwenye usukani, shati jeupe, gari linang'aa. Wakishaingia na kukaa, nitajifanya limezima ghafla. Gari kuzima njiani ni kitu cha kawaida, hakuna dereva anayefukuzwa kwa hilo.

Mzee Bujiku kasema amevuta majembe, amevuta magogo, amevuta hadi karasha la kusagia mawe, ila gari jipya bado. Kakubali kwa sababu anataka kuona.

Jumamosi, Agosti 16

Nimeamka na jogoo. Shati nimepiga pasi ya mkaa. Yai nimelitoa kwenye kiti, nikala.

Mzee Bujiku kaja na maksai wake, tukafunga mnyororo. Akawapigia mluzi. Wakainama. Gari likaanza kuburuzika, magurudumu hayazunguki, linachimba mitaro miwili kwenye ua kama shamba la viazi. Nimekaa ndani nashika usukani, ingawa haugeuki. Tumefika getini. Gari likakwama kwenye nguzo, nusu ndani, nusu barabarani. Maksai wakagoma. Mmoja akafanya haja kubwa mbele ya boneti. Mzee Bujiku kasema huyo ndio amemaliza kazi ya leo.

Muda wa basi ukapita. Nikapiga simu ya shangazi, haipatikani. Ilikuwa haina chaji, nimekuja kujua baadaye.

Kisha bajaji ikaja taratibu, inakwepa kila shimo. Dereva ni Nasibu! Kaazima bajaji ya mjomba wake. Alipita stendi na pikipiki, akawakuta wamekaa juu ya mabegi, akaifuata hiyo bajaji, akawapakia. Loveness nyuma na mtoto kwenye khanga, shangazi pembeni.

Shangazi akashuka. Akaitazama mitaro. Akaitazama nguzo. Akanitazama mimi kwenye usukani na shati langu. Nikamwambia shikamoo shangazi. Alikwenda akamshika maksai mmoja pembe, akauliza:

"Huyu ndiye betri ya pili?"

Loveness alicheka mpaka akashika tumbo na kuomba asichekeshwe, bado linauma. Mtoto akaamka akalia. Mzee Bujiku kasema wabeja, kwa Kisukuma asante, akafungua mnyororo wake na kuondoka, maana amekwishaona.

Mchana Mariana kaja. Hakufungua hata boneti. Akaenda nyuma, akainua kifuniko kwenye buti, betri ndogo hiyo hapo, haijaibiwa na mtu. Kasema hii ndogo ndiyo inayoliamsha gari, na gari likikaa wiki nyingi inaisha. Sasa mimi juu ya hapo nimeiwekea simu za Katoro nzima. Ile kubwa ya kusukuma magurudumu haijambo, imepungua kidogo, yenyewe ingekaa miezi. Akaunganisha nyaya kutoka kwenye gari lake, akakanyaga breki, akabonyeza. Neno la kijani hilo! Ndio kwanza naliona. Kaniambia kila siku nilikuwa nimewasha redio tu, gari lilikuwa limelala.

Shangazi kasema kwa sasa Nasibu ndiye atakayempeleka Loveness kliniki. Tena kwa gari letu. Mimi niweke shati kabatini.

Imeniuma hiyo.

Jumapili, Agosti 17

Kesi imesikilizwa kijiweni. Nimejitetea vizuri. Betri ziko mbili, iliyokufa moja, tena ndogo, tena imefufuka. Nikaomba niseme shikamoo ya Jumapili tu. Wamekataa wote, hadi muuza kahawa ambaye nampigia soga wiki nzima.

Nikasimama. Nikamwamkia Nasibu. Kaitikia marahaba kwa sauti nzito kama diwani, akaniuliza kama mtoto wa shule nasomaje, sijambo, wazazi hawajambo. Kisha akanilipia kahawa. Hilo la kahawa lilinichoma kuliko marahaba.

Jumamosi, Agosti 23

Mambo yananinyookea!

Shangazi amelegea. Moyo wake uko kwa mjukuu. Jana kasema Nasibu ana abiria wake, hawezi kuja kila wiki kuliamsha gari, kwa hiyo kazi hiyo narudishiwa mimi. Kanifundisha tena mwenyewe, kanishika mguu akauweka kwenye breki. Neno la kijani, nusu saa, zima, shuka. Nikiweza hivyo mpaka mtoto atimize arobaini, suala la dereva litazungumzwa upya. Kasema hivyohivyo, litazungumzwa.

Nimelala nikipiga hesabu. Nusu saa inalipatia gari nguvu ya wiki nzima. Basi nikiliacha linawaka kutwa, si litakuwa na nguvu mpaka Krismasi? Kwa nini niliamshe kila Jumamosi kama mtoto wa shule?

Asubuhi hii nimekanyaga breki, nimebonyeza, neno la kijani likatoka zuri kabisa. Nimeliacha linawaka, nimefunga milango, naelekea Kharumwa kuangalia dili la mpunga. Nitarudi kesho, au keshokutwa.

Nilipokuwa nashuka, kuna kataa kadogo ka njano kalijitokeza pale mbele, kenye picha ya pampu ya mafuta. Sijawahi kukaona. Nadhani ni gari linashukuru.

Nimepita kijiweni. Nimemwamkia Nasibu, kisha nimemwongezea dau: gari hili likizima tena kabla ya Krismasi, nitamwamkia yeye, na kuku wake.