Kura za Kuku Zilizohamia Bukura

Jumatatu, 2 Machi 2026

Msiba! Pascalia anagombea. Amesimama katikati ya mkutano wa Chama cha Wafugaji Kuku, hapa hapa Shinyalu, akasema miaka tisa ya mwenyekiti mmoja inatosha. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa mazoea, kabla sijaelewa kwamba anayesemwa ni mimi.

Amechagua wakati mbaya kabisa. Mashine ya kuangua vifaranga inafika mwezi ujao. Mayai mia tano kwa mpigo! Na kwa katiba yetu mashine hukaa kwa mwenyekiti. Nimeshajenga kibanda.

Jioni Sydney, ndugu ya mke wangu, akapiga simu kutoka Texas. Amekuwa raia wa Amerika juzi tu, na alikuwa akilalamika hadi sauti imekauka. Huko usipojiandikisha siku thelathini kabla, hupigi kura. Kituo cha karibu kimefungwa, kilichobaki ni mbali na foleni haisongi. Kitambulisho cha mwanafunzi wanakikataa, leseni ya bunduki wanaikubali. "Shemeji, ni kama hawataki tupige kura!"

Nikampa pole. Kisha nikamwomba arudie polepole, maana nilikuwa natafuta kalamu.

Jumanne, 3 Machi

Nimeamka mtu mpya! Nimetoa amri: daftari la wapiga kura linaanza upya. Kila mwanachama ajiandikishe tena, nyumbani kwangu, kesho, saa nane hadi saa tisa mchana. Ndio wakati mvua ya Shinyalu hunyesha. Saa moja tu. Nimejichekea kwenye kioo.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ilinyesha kama nilivyopanga. Tatizo ni kwamba watu walifika kabla yake. Saa saba na nusu sebule imejaa, na mvua ikawafungia humo hadi saa kumi na moja. Jescah, mke wangu, akawapikia chai. Sufuria tatu!

Wamejiandikisha wote. Sitini na wanne, hakuna hata mgonjwa. Jescah ndiye aliyewaandika, kwa ule mwandiko wake wa ualimu, akinakili kila jina kutoka kwenye kitambulisho. Mimi nilijiandika mwenyewe, mwisho, kwa herufi kubwa.

Walipoondoka nikamwuliza mbona ananisaliti. Akasema alidhani tunataka watu wajiandikishe. Nikachukua sufuria zile tatu nikaenda kuziosha.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeenda mjini kumwona Kemunto, afisa wa ushirika atakayesimamia uchaguzi. Nimependekeza kituo kihamie Bukura. Kutoka kwetu ni lazima uvuke mji mzima wa Kakamega na uendelee. Nilikuwa nimeandaa sababu nne. Sikufika hata ya kwanza. Kumbe Kemunto anaishi Bukura! Alikubali akiwa bado anavuta kiti.

Nikaongeza kanuni yangu mwenyewe: jina la daftari na la kitambulisho lisipofanana herufi kwa herufi, mtu hapigi kura. Huku kwetu R na L hubadilishana viti kila siku. Nikapiga hesabu kwamba nusu ya watu wa Pascalia watarudi nyumbani.

Kemunto akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema sheria ni sheria. Akanisogezea karatasi nitie sahihi. Nikatia mbili, nilikuwa na furaha.

Jumatatu, 9 Machi

Katiba inataka tangazo. Sawa. Nimemkodi Phanuel wa bodaboda na kipaza sauti chake. Nikamwagiza apite mara moja, mbio, wakati watu wako shambani. Maneno machache tu: kura ni Jumamosi, saa tatu, Bukura, njooni na vitambulisho.

Phanuel ni mtoto wa hapa. R haijawahi kupita mdomoni mwake salama. Nilimsikia akiteremka mlima: "Kula ni Jumamosi! Kula Bukula! Njooni na vitambulisho! Mwenyekiti amesema!" Nikacheka hadi nikakaa chini. Nani ataelewa hapo?

Alhamisi, 12 Machi

Mambo ya ajabu. Watu wananipenda! Leo njiani nimesalimiwa na watu kumi na mmoja. Mama mmoja amenishika kwa mikono miwili, akasema Mungu anibariki, miaka tisa na hatimaye nimewakumbuka. Jescah ameulizwa dukani kama ni ng'ombe mmoja au wawili. Hakuelewa. Mimi nimeelewa: wameanza kuniogopa.

Jumamosi, 14 Machi

Nilifika Bukura mapema. Saa tatu kasoro uwanja mtupu. Raha iliyoje! Niko mimi, Jescah, Kemunto na sanduku.

Kisha nikasikia nyimbo. Lori! Lori la mchanga, limejaa hadi juu, linaimba. Chama kizima, na watoto, na sahani, na sufuria ambazo mtu angeweza kuoga ndani. Pascalia alikuwa mbele, amevaa kitenge cha harusi. Wakashuka wakiniuliza chakula kiko wapi.

Nikawaeleza kuwa ni kura. Si kula. Kura.

Halafu mtu akasema, "Mwenyekiti, umetutoa Shinyalu na njaa zetu?" Wakaanza kunisogelea, na sahani zile zilikuwa za bati.

Pascalia ndiye aliyeniokoa. Alipanda kwenye tairi la lori akasema kwa kuwa tumeshafika, tupige kura kwanza. Na kila aliyeleta kuku wa kumpongeza mwenyekiti kwa karamu yake, amchinje. Kuku walikuwa kumi na tisa! Moto ukawashwa, kicheko kikarudi.

Foleni ikaenda kama maji. Herufi kwa herufi, Jescah hakuwa amekosea hata moja. Ikabaki zamu yangu. Kemunto akasoma kitambulisho: Hezekiah Shivachi. Akasoma daftari: MHESHIMIWA MWENYEKITI H. SHIVACHI. Akalifunga.

"Mzee, hayafanani."

Nikamwambia hapa hakuna asiyenijua. Akanionyesha sahihi yangu. Zote mbili.

Nikasogea kando ya ua. Watu sitini na watatu walikuwa wameshapiga kura, wananyonyoa kuku na kutaniana, na mimi nimesimama na kitambulisho mkononi kama mtu aliyekosea mlango wa harusi. Sikujua inauma hivyo. Nilijifanya ninatazama miti.

Nikasikia Pascalia akimwambia Kemunto, "Madam, mwache apige. Chama hiki alikianza yeye, na kuku wanne, wakati sisi tulikuwa tunamcheka." Akawauliza wanachama. Mikono yote ikapanda, mingine na manyoya. Kemunto akaandika kwamba wanachama wameamua, akanipa karatasi.

Nikapiga. Macho yalikuwa yananiwasha. Moshi, bila shaka.

Pascalia hamsini na mbili. Mimi kumi na mbili. Nimemwuliza Jescah alimpigia nani. Ameniongezea obusuma, ugali wetu wa nyumbani, na paja la ingokho, kuku wa kienyeji, akaniambia nile kabla chakula hakijapoa.

Jumapili, 15 Machi

Nimeenda kanisani. Nimempa Pascalia mkono mbele ya watu, na nilimaanisha. Mtu hukua. Nimemwambia Jescah kwamba hila nimeachana nazo, maisha yangu yote yaliyobaki.

Baada ya chakula nikawasha redio. Kulikuwa na kipindi kuhusu Amerika. Kumbe kule huhitaji kuhangaika na wapiga kura! Unachora mipaka tu. Unaupinda mstari hapa, unaukata mtaa pale, na wapinzani wako wote wanaangukia upande mmoja. Hakuna kitambulisho, hakuna Bukura, hakuna lori.

Mwezi wa sita mradi wa maji unachagua wajumbe, kanda kwa kanda. Kanda hazijachorwa bado. Nimechukua karatasi. Mstari wangu unaanzia kwa mama mkwe, unafuata mto, unaruka nyumba saba za watu wa Pascalia, unazunguka kanisa na kurudi kupitia shamba la miwa. Kazi safi!

Jescah amepita akauinamia. Ameuliza kama ni nyoka. Kisha ameuliza mbona nyumba yetu iko nje.

Nimefuta. Nachora upya, safari hii kwa wino.