Kituo cha Basi Mlangoni Pangu

Jumatatu, 4 Machi
Mkutano wa wenye maduka. Kutoka stesheni ya treni hadi kwetu ni mwendo wa jua kali. Wateja wanafika wameyeyuka, au hawafiki. Manispaa inasema haina fungu. Nikasimama: tukodi basi dogo sisi wenyewe! Kila mmoja achangie kwa upana wa mbele ya duka lake. Makofi! Duka langu la samani liko uchochoroni ng'ambo ya barabara, mbele ni mlango tu. Ndani linakwenda kama handaki. Mwenye duka la dawa, jirani yangu na adui yangu, ana vioo mtaa mzima. Alikaa kimya. Nimempiga bao!

Jumatano, 6 Machi
Hakuwa kimya, alikuwa anapiga hesabu. Leo kasema mchango anaukubali, ila anayelipa zaidi ndiye achague kituo. Mikono yote juu, hata wa mke wangu, katibu wa chama. Nikamuuliza kulikoni. Akasema jamaa ana hoja. Kituo: mlangoni pa duka la dawa.

Jumamosi, 9 Machi
Basi limeanza. Limejaa! Wanashuka, wanaingia kwenye duka la dawa. Mmoja alivuka barabara hadi kwangu, moyo ukanilipuka. Alitaka chenji.
Lakini akili ninayo. Nimeweka sofa kituoni, na kibao: "Keti. Ukilipenda, vuka barabara." Si sofa la dukani, siwezi kuchezea mtaji. La sebuleni. Mke wangu kaenda kwa dada yake.

Jumanne, 12 Machi
Wanaketi. Hawavuki. Kinyozi anasema wengine wanapanda basi ili waje kuketi tu. Mwenye dawa kanishukuru mbele za watu kwa kuwajali wateja wake. Nyoka!
Mchana balaa. Mama mkwe kashuka kwenye basi. Sofa lile ndiye aliyetuzawadia siku ya harusi. Akalipapasa mkono, akauliza ni la nani. Mwenye dawa akaninyooshea kidole, tena kwa furaha.
"Mkwe wangu," akasema, "kwani binti yangu siku hizi anakaa wapi?"
Nikamjibu kwa adabu kuwa yuko kwa dada yake. Silo alilouliza.

Alhamisi, 14 Machi
Mke amerudi. Sofa limerudi, lina doa la dawa ya kikohozi. Hajanigombeza hata kidogo. Nikaogopa.
Jioni mkutano wa dharura. Katibu akapendekeza mchango usiwe kwa upana wa mbele, uwe kwa ukubwa wa duka lote, ndiyo haki. Nikamkonyeza. Akanikonyeza na yeye, akahesabu mikono. Handaki langu sasa linalipa kuliko wote. Nimekula nimesimama, sofa nimekatazwa.

Jumatatu, 18 Machi
Nimeamka nacheka. Anayelipa zaidi si ndiye anayechagua kituo? Basi lije mlangoni pangu! Dereva akasema uchochoro wangu ni mwembamba. Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akaingia. Kioo cha kushoto kikaenda, kibao cha duka kikaenda, kisha basi likakwama, ukuta huku, ukuta huku. Abiria wametokea dirisha la nyuma. Mlango wangu umezibwa. Mwenye dawa alileta maji ya kunywa kwa wote, akaniruka mimi.

Jumanne, 19 Machi
Basi bado. Chama hakina usafiri. Wateja wanatembea juani kama zamani, na katibu kanitaka nieleze kwa maandishi. Ninaelezea. Lakini ukweli usemwe: mji mzima umekuja kutazama. Sijawahi kupata umati kama huu mbele ya duka! Kosa nimeliona. Basi lilikuwa dogo, ndiyo maana fundi anasema kesho litatoka. Mkutano ujao ninapendekeza tukodi kubwa.