Jiko Lililofungwa kwa Ngozi

Jumatatu, 1 Desemba
Mvua imeangusha jiko la Bibi. Anapikia nje, kajifunika turubai, matone yanaingia kwenye uji. Mimi nimemaliza kidato cha nne, sina kazi. Nitamjengea jiko la mianzi! Mianzi anayo Mzee Wanzagi, jirani. Nimepita langoni kwake mara tatu kwa aibu. Nilimsalimia hadi salamu zikaisha. Akaniuliza mwenyewe kama nina shida au naumwa. Kanipa mianzi bure. Mungu ambariki.

Jumatano, 3 Desemba
Binamu yangu Prosper, anayesomea ujenzi Musoma, kaja na misumari. Eti jiko la kufungafunga ni la watoto kuchezea. Kapiga msumari mmoja. Mwanzi ukapasuka toka juu hadi chini! Nilifurahi kimyakimya. Mimi nafunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, kama Babu alivyokuwaga anafunga mipini. Ikikauka hukaza kuliko waya. Mchinjaji wa mnadani kanipa vipande. Namshukuru sana.

Ijumaa, 5 Desemba
Limesimama! Bibi kalizunguka akipiga vigelegele. Prosper kasema linanuka. Wivu tu.

Jumamosi, 6 Desemba
Aibu! Alfajiri mbwa wa kijiji kizima wamekula vifungo. Mianzi ilibaki wima kwa heshima tu. Kuku karukia juu. Basi, chini yote! Ashukuriwe Mungu, Bibi alikuwa hajaingia. Alicheka hadi akakaa chini. "Wankyo mjukuu wangu, hata sijawasha moto, jiko lako limeshalisha kijiji!"

Nikajificha migombani. Prosper alicheka kuliko wote, kisha akaenda kuleta waya. Katoboa mianzi polepole kwa nondo ya moto. Haukupasuka hata mmoja. Mzee Wanzagi kashikilia nguzo mpaka mwisho. Watu wazuri hivi, nimewastahili vipi?

Jumapili, 7 Desemba
Baada ya misa Bibi kapika ndani. Mvua ikanyesha, sisi wakavu! Kanimegea ugali wa kwanza. Nilitaka kusema asante, nikalia.

Waya umebaki. Prosper kasema niutunze kwa kazi nyingine. Ni mwema, lakini sitauhitaji. Banda la kuku nitalifunga kwa ngozi ya sangara. Mvuvi wa Mugango kaahidi kunipa. Mbwa wetu hawali samaki, nimewajaribu. Paka ni mmoja tu, tena wa jirani.